Udongo Tuliouacha, Udongo Tulioukuta

Wengi wenu mlikuwa zamu kazini siku ya mkutano wetu hapa Tucson, Arizona, na mmeniomba niiandike hotuba yote. Hii hapa, kama nilivyoitoa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, akina mama, akina baba, vijana, na ninyi watoto mliokaa hapa mbele, hamjambo.

Nianze kwa swali, na naomba mnijibu kwa kuinua mikono. Ni nani kati yetu aliyezaliwa au kulelewa katika nyumba ya udongo? Naona mikono ya Uvira, naona mikono ya Fizi, naona mikono ya Rutana na ya Kigoma. Ni karibu ukumbi mzima. Asanteni. Sasa swali la pili. Ni nani kati yetu aliyewahi kumkalisha chini mtoto wake, huyu anayesoma hapa Arizona, akamweleza nyumba ile ilijengwaje? Ni nani amemwambia udongo ulichimbwa wapi, ulikanyagwa na nani, ulilowekwa siku ngapi kabla ya kufyatuliwa?

Mikono imepungua. Sikuuliza ili nimwaibishe mtu, maana mkono wangu mwenyewe ulikuwa chini hadi miaka michache iliyopita. Binti yangu aliambiwa shuleni achore nyumba ya bibi yake, naye akachora nyumba ya ghorofa yenye bustani na gari mlangoni. Nilimkumbusha kwamba nyumba ya bibi ilikuwa ya matofali mabichi, na paa lake lilikuwa la nyasi. Akanitazama kwa mshangao, akasema, “Lakini baba, si ulisema za udongo ni za watu waliokosa?” Ni kweli, nilikuwa nimelisema neno hilo. Nilikuwa nimelisema mara nyingi, mezani, kwenye simu na mbele ya wageni, bila kujua kwamba mtoto anaokota kila neno.

Na Jumatatu iliyofuata, ndugu zangu, nilikwenda kazini. Mnaijua kazi yangu. Nilipanda ngazi na mwiko wangu, nikaanza kukandika udongo kwenye ukuta wa nyumba ya udongo katika mtaa wa Barrio Viejo, nyumba ambayo mimi nikikusanya mshahara wangu wa maisha yote siwezi kuinunua. Siku ile sikuweza kuimaliza kazi vizuri. Niliyokuwa nimemfundisha mwanangu yalikuwa uongo, na ushahidi ulikuwa umekauka kwenye vidole vyangu.

Ndiyo sababu nimeomba nafasi hii. Nataka tuongee juu ya udongo huu wa jangwani, juu ya watu waliojenga nao na wanaoendelea kujenga nao pande zote mbili za mpaka wa Marekani na Mexico, na juu ya ujuzi tuliokuja nao sisi bila kujua kwamba tumekuja nao.

Tuliposhuka kwenye ndege tuliambiwa karibuni Marekani, na ni kweli tumekaribishwa Marekani. Lakini ardhi hii ina historia ndefu kuliko hati zetu. Kando ya mto Santa Cruz, huu mnaouona mkavu mkipita darajani, watu walikuwa wakilima zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mwaka 1775 Wahispania waliweka ngome hapa, na kuta zake zilikuwa za matofali mabichi. Baadaye mji ukawa wa Mexico. Mwishoni mwa 1853 Marekani ilikubaliana na Mexico kuinunua sehemu hii ya kusini, na mwaka uliofuata mapatano yakathibitishwa kwa bei ya dola milioni 10, kwa hiyo mtu aliyelala Tucson akiwa raia wa nchi moja aliamka katika nchi nyingine bila kutoka kitandani. Wenyeji wana msemo wao mpaka leo: sisi hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka.

Je, sisi watu wa ziwa Tanganyika tunahitaji kufafanuliwa msemo huo?

Na tofali lenyewe, hili wanaloliita adobe, mnajua jina lake limetoka wapi? Limetoka Afrika. Wamisri wa kale waliliita kwa neno ambalo Wakopti walilirithi wakasema tobe. Waarabu wakalichukua wakasema at-tub. Waarabu walipotawala Hispania Wahispania wakasema adobe. Nao Wahispania wakalivusha bahari hadi huku. Kitu chenyewe kilikuwapo huku kabla yao, maana wenyeji walijenga kwa udongo karne nyingi kabla ya kumwona Mhispania. Kilichosafiri ni jina na kalibu ya mbao. Na mmoja wa wageni wa kwanza kabisa kulikanyaga jangwa hili alikuwa Mwafrika, mtumwa aliyeitwa Estevanico, mzaliwa wa Azemmour huko Moroko, aliyetangulia mbele ya msafara wa Wahispania mwaka 1539 akipitia Sonora, ambayo leo ni jimbo la Mexico, kwenda kaskazini. Aliuawa katika safari hiyo. Mimi humkumbuka kila ninapoona kalibu imelala mchangani, kwa kuwa alitoka katika nchi ya kuta za udongo akaja kufia katika nchi ya kuta za udongo.

Aibu ya udongo ililetwa na treni. Reli ilifika Tucson mwezi wa Machi 1880, ikashusha mabati, mbao zilizopasuliwa na matofali ya kuchoma, na watu wenye uwezo wakaanza kujenga kama walivyojenga walikotoka, mashariki, kwenye mvua na baridi. Nyumba za adobe zikaachiwa Wamexico na maskini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya mtaa wao ilibomolewa kwa matingatinga ili kupisha jumba la mikutano na maegesho ya magari. Kilichobaki ndicho Barrio Viejo, na kilichobaki hicho ndicho kinachonunuliwa leo kwa fedha nyingi. Nawaomba mlifikirie jambo hili kwa utulivu: mtu aliambiwa nyumba yake ni duni, akaondolewa, kisha nyumba ya jirani yake, ya udongo uleule, ikawa ya thamani.

Sasa niwapeleke kwenye ukuta wenyewe, maana hapo ndipo nilipojifunza.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilifanya kazi chini ya fundi mkuu kutoka Sonora, mzee ambaye sote tulimwita maestro, kwa kuwa ndivyo wanavyomwita fundi wa heshima. Kihispania changu kilikuwa maneno ishirini, na Kiswahili chake hakikuwapo kabisa. Siku moja ya mwezi wa Juni, saa tisa alasiri, joto nje likiwa limefika nyuzi 41, alinishika mkono akanipeleka upande wa magharibi wa nyumba, akakibandika kiganja changu kwenye ukuta. Nilikiondoa haraka, kwa kuwa uliunguza. Kisha akaniingiza ndani, akakibandika kiganja kilekile kwenye ukuta uleule kwa upande wa ndani. Ulikuwa baridi kama mtungi wa maji uliowekwa kivulini. Hakukuwa na kiyoyozi kinachonguruma, wala feni. Alionyesha dirishani mahali jua linapozama, akaniambia nirudi saa tatu usiku.

Nilirudi. Ukuta wa ndani sasa ulikuwa na uvuguvugu mdogo, na ule wa nje ulikuwa umepoa. Mzee alifungua madirisha yote mawili, na hewa ya jangwani ikapita katikati ya chumba.

Ukuta ule una unene wa karibu sentimita 50. Joto la jua linapoingia kwenye udongo mzito namna ile haliruki. Linatembea polepole, na linaweza kuchukua saa kumi au zaidi kufika upande wa pili. Linapofika, jua limeshazama. Juni hapa mchana hufika nyuzi 38 na kupita, lakini usiku hewa hushuka hadi nyuzi 20 au 21, kwa hiyo joto linafika ndani wakati ambapo kuna hewa ya kulifukuza. Alfajiri unafunga madirisha, na ukuta uliopoa unakulinda siku nzima. Linganisheni na zile nyumba za mabati zinazovutwa na gari, ambazo baadhi yetu tumewahi kuzipanga kule upande wa kusini wa mji. Humo joto linaingia kabla hujamaliza kikombe cha chai, na mwisho wa mwezi inakuja bili ya umeme inayomfanya mama azime mashine na kuwalowesha watoto nguo ili walale.

Lakini sipendi kuwauzia udongo kama dawa ya kila ugonjwa. Huku wana tanuri la mikate liitwalo horno, lenye umbo la kichuguu, nalo limejengwa kwa udongo huuhuu. Moto huwashwa ndani, makaa hutolewa, mkate ukaiva kwa joto lililobaki kwenye kuta. Udongo hautambui kama wewe ni mkate au ni mtu. Ukijenga nyumba ya adobe bila kivuli, ukasahau kufungua madirisha usiku, au ukawa katika zile wiki za Julai ambapo usiku haushuki chini ya nyuzi 25, basi umejijengea horno. Ujuzi wenyewe umo katika ukuta, kivuli na dirisha pamoja, na katika mtu anayeamka alfajiri kulifunga lile dirisha.

Adui wa udongo tunamjua sote, ni maji. Lakini kuna adui wa pili ambaye huja kama rafiki, na juu ya huyu nina kisa changu mwenyewe.

Tulipokuwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nilimjengea mama yangu nyumba ya matofali mabichi. Nilichimba mwenyewe, nikakanyaga mwenyewe, nikafyatua mwenyewe, na ilikuwa nyumba nzuri. Katika mwaka wetu wa nne kambini nilipata nusu mfuko wa saruji kwa kubadilishana na kazi, nikaamua kumheshimu mama. Nikaupiga ukuta wa nje lipu ya saruji, nyembamba, nikaisugua mpaka ikang'aa. Majirani walikuja kuitazama. Mama aliwapikia chai. Misimu miwili ya mvua ikapita, na siku moja mama akiwa kisimani, ukuta wa upande wa mlango ukaporomoka kwa ndani. Nilipofika nilikuta ajabu: ganda la saruji lilikuwa bado limesimama, na nyuma yake matofali yalikuwa yamegeuka uji.

Nilimlaumu nani? Niliulaumu udongo. Kwa miaka mingi niliulaumu udongo.

Kisha nikaja huku, na siku moja maestro akanipeleka San Xavier del Bac, lile kanisa jeupe lililo kusini mwa mji, katika ardhi ya Taifa la Tohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili. Wengi wenu mmelipita mkienda Nogales, kule mpakani. Lilijengwa kati ya 1783 na 1797 kwa matofali ya kuchoma na chokaa, na mikono iliyolijenga kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya O'odham wenyewe. Katika karne ya 20 watu wenye nia njema walilirekebisha kwa lipu ya saruji wakidhani wanaliimarisha. Saruji ikapata nyufa ndogo zisizoonekana, maji ya mvua yakaingia kupitia nyufa hizo, na yalipotaka kutoka kwa jua hayakupata njia. Mafundi walipoibandua saruji baadaye walikuta matofali ya nyuma yameoza, yanamong'onyoka kama makombo. Mzee alipokuwa ananieleza hayo kwa mikono na kwa yale maneno yangu ishirini, mimi nilikuwa naiona nyumba ya mama yangu. Ganda limesimama, nyuma yake uji.

Na dawa waliyotumia ilikuwa nini? Akina mama, hili ni lenu. Walirudi kwenye chokaa na mchanga, kisha wakachanganya na maji ya mpungate. Majani mapana ya ule mmea wa miiba hukatwakatwa na kulowekwa mpaka yatoe ute, ute unaovutika kama wa bamia, kama wa mlenda. Ute huo humiminwa kwenye chokaa, nayo chokaa hukauka polepole bila kupasuka, huzuia mvua isizame, lakini huuacha ukuta utoe unyevu wake. Hiyo ni kanuni ya wazee wa Mexico na wa jangwa hili, na ndiyo iliyotumika kuliokoa jengo lenye umri wa zaidi ya miaka 200.

Kaskazini-mashariki, huko jimbo la New Mexico, waumini wa kanisa la udongo la Ranchos de Taos walifanya kosa langu mwaka 1967, wakalipaka saruji. Mwaka 1979 waliiondoa yote wakarudi kwenye udongo na majani makavu, na tangu hapo kila mwaka hukusanyika wazee kwa vijana kulikandika upya kwa mikono. Nimewasikia watu wakiuliza, nyumba gani hiyo inayotaka kukandikwa kila mwaka? Nami nawauliza ninyi: kwetu ilikuwaje? Baada ya mvua kuisha, si ilitengwa siku? Si wanawake wa mtaa mzima walikuja na ndoo, mmoja akileta udongo mweupe, mwingine jivu, mwingine kinyesi cha ng'ombe, na chungu kikiwa jikoni? Huku nako kazi ya kukandika ilikuwa ya wanawake, na wana jina lao la heshima, enjarradoras. Saruji iliahidi kutupumzisha na siku ile. Ilitupumzisha, na pamoja na siku ile tukapoteza sababu ya kwenda kwa jirani.

Kuna jambo la kivuli nililiacha nyuma, nalo linanirudisha kwa hao O'odham, ambao ndio wenyewe wa jangwa hili la Sonora. Nyumba zao za zamani ziko namna nyingi, lakini iko moja ambayo nilipoiona nilicheka kwa furaha mbele za watu. Wanasimika nguzo za mti wa mesquite, kisha wanafunga fito pande zote mbili, ndani na nje, na katikati wanajaza udongo. Fito zenyewe ni mbavu za saguaro, lile dungusi refu lenye mikono, likishakufa na nyama yake kuoza. Wazee, hiyo ni nini? Hiyo ni nyumba ya kukandika! Ni fito na udongo, ni ile tuliyoijua. Tofauti ni kwamba fito zao zilichukua zaidi ya miaka mia moja kukua.

Mbele ya nyumba huwapo banda lisilo na kuta, nguzo nne na paa la matete au mbavu zilezile, ambalo kwa Kihispania huitwa ramada. Msidhani ni pambo. Humo ndimo maisha yanamopita. Chakula hupikwa humo, maharage huchambuliwa humo, mtungi wa maji huning'inizwa humo ili upepo uupoze, na usiku wa joto vitanda hutolewa nje. Mwishoni mwa Juni familia huenda kuvuna matunda ya saguaro kwa mti mrefu uliounganishwa kwa mbavu za saguaro yenyewe, huchemsha asali yake, nao husubiri mvua. Wamexico wa hapa huisubiri siku ya Mtakatifu Yohane, tarehe 24 Juni. Mvua za hapa ni chache, wastani wa milimita 280 au 300 hivi kwa mwaka, na karibu nusu yake huanguka katika wiki chache za kiangazi kwa kishindo. Ndiyo maana ukuta wa udongo huku huwekewa msingi wa mawe ulioinuka, na paa tambarare hutobolewa mfereji wa kumwaga maji mbali. Nyumba ya udongo inataka viatu vizuri na kofia nzuri; katikati itajitunza.

Ardhi ya watu hawa ilikatwa na mpaka ule wa 1853. Taifa lao linapakana na Mexico kwa karibu kilomita 100, na wako ndugu zao upande wa Sonora, makaburi upande huu, visima upande ule. Sisi tuliokuwa tukienda msibani Kigoma kwa mtumbwi na kurudi Fizi kwa wiki tunaelewa. Nilipofika Nogales mara ya kwanza niliona mji mmoja wenye jina moja na nchi mbili, na katikati yake nguzo za chuma zimesimama kwa safu. Mchana chuma kile hakishikiki kwa joto. Pande zote mbili za nguzo, juu ya vilima, niliona nyumba za udongo zenye rangi ileile.

Na ujuzi bado unapita, huku na kule. Katika bonde la Yaqui, Sonora, kunalimwa ngano nyingi sana, na baada ya mavuno majani yake yamekuwa yakichomwa mashambani mpaka moshi ukafunika miji. Katika miaka ya 1990 wajenzi wawili wa Canelo, hapa Arizona, Bill na Athena Steen, walifanya kazi na familia za Ciudad Obregón, wakayafunga majani yale kuwa marobota, wakayapanga kama matofali na kuyakandika udongo. Waliwajengea watu makazi, na wakajenga pia ofisi ya shirika la Save the Children mjini humo. Robota lina hewa ndani yake, kwa hiyo huzuia joto lisipite. Udongo ulio ndani hutunza ubaridi. Takataka ya shamba na udongo wa uani vikawa ukuta. Kilichonigusa katika habari hiyo ni kwamba wajenzi wakuu walikuwa akina mama na vijana ambao hakuna aliyewahi kuwaita mafundi.

Najua baadhi yenu mnaniuliza moyoni: fundi, mimi nakaa ghorofa ya pili katika nyumba ya kupanga, huo udongo niuweke wapi? Ni swali la haki, na silijibu kwa maneno matamu. Nyumba ndogo ya vyumba viwili inataka matofali zaidi ya 2,000. Kila tofali, la sentimita 35 kwa 25 kwa 10, lina uzito wa kilo 15 hivi, kwa hiyo ni zaidi ya tani 30 za kuchimba, kukanyaga na kuinua. Udongo ni rahisi, mikono ndiyo ghali, na kwa sababu hiyo adobe mpya katika nchi hii imekuwa nyumba ya mwenye fedha. Kunahitajika pia kiwanja, ramani na kibali, ingawa sheria za ujenzi za huku zinaitambua adobe na marobota ya majani.

Lakini tazameni upande wa pili wa hesabu hiyo. Ikiwa mikono ndiyo ghali, nani ana mikono? Mafundi wanaojua kazi hii wanazeeka; maestro wangu amestaafu, na mtaa mzima wa nyumba za zamani unahitaji watu wanaojua kuusikiliza udongo. Katika ukumbi huu wamo watu zaidi ya hamsini waliofyatua tofali kabla ya kuota ndevu, waliozoea kuokota bonge, kulidondosha kutoka usawa wa bega na kujua kwa jinsi linavyopasuka kama mchanga umezidi. Mtu huyo huyo akijaza fomu ya kazi, kwenye mstari wa ujuzi anaandika: hakuna. Ndugu yangu, kwa nini unaandika hakuna? Nani alikuambia hakuna?

Kuna sehemu ya bustani yetu ya jamii ambayo haina kivuli, na akina mama wanaolima pale lenga-lenga na matembele wamepumzika chini ya turubai kwa miaka mitatu. Tumeruhusiwa kujenga banda la nguzo, benchi la udongo na horno moja. Si nyumba, wala haitapunguza bili ya mtu yeyote. Ni mahali pa kuanzia.

Juu ya meza kule mlangoni nimeweka chupa tatu za maji zenye udongo niliouchukua bustanini kwenye mashimo matatu. Nilizitikisa jana. Mkitoka, zitazameni: mchanga umelala chini, juu yake tope laini, na mfinyanzi juu kabisa. Chupa ya kati ndiyo nzuri. Mfinyanzi wake ni kama robo, na uliobaki ni mchanga na tope. Ile ya kushoto ina mchanga mtupu, itabidi tuichanganye. Watoto, mnaruhusiwa kuzishika.

Tutaanza Jumamosi ijayo saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa ikifika saa nne jua halitaturuhusu. Njooni na kofia, maji ya kunywa na nguo za kuchafuka. Kalibu ninazo nne, sepetu ni chache, kwa hiyo aliye nayo aje nayo. Kuna mama pale nyuma ameniuliza kama wazee ambao hawawezi tena kukanyaga nao waje. Waje, tafadhali. Viti vitakuwa chini ya mti wa mesquite, karibu na shimo, kwa sababu sisi wengine tumesahau majani yanatiwa lini, kabla ya kuloweka au baada, na mtu wa kutuambia lazima awepo.